Ulishurutishwa, au Ulisumbuliwa Tu?

Malalamiko kuhusu mikataba ya mikopo na mauzo ya viwanja yameongezeka mezani kwetu, tunapotoa ushauri wa kisheria, na mengi yanakuja na neno moja la Kiingereza: coerced. Waandishi wa barua mtaani wamelizoea, wanalibandika popote. Lakini neno hilo kisheria lina mzigo wake.

Coerce ni kumtia mtu shuruti kwa vitisho au mabavu hadi akubali asilolitaka. Compel halina ubaya huo siku zote. Mahakama humlazimisha shahidi kufika, na hilo ni halali. Sisi yote mawili tunayaita kulazimisha, basi yanachanganywa.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinaeleza shuruti kuwa ni kutenda, au kutishia kutenda, jambo lililokatazwa na Kanuni ya Adhabu. Kinataja pia kushikilia mali kinyume cha sheria, au kutishia kuishikilia. Yote hayo yawe yamefanywa ili mtu aingie kwenye makubaliano.

Mzee mmoja alileta hati ya mauzo ya shamba, alama ya dole gumba imekolea wino wa bluu. Ulishurutishwaje? “Shemeji alinisumbua wiki nzima.” Mzee wangu, kusumbuliwa siko huko! Kijana wa bodaboda, kinyume chake, alidhani hana hoja kwa kuwa hakupigwa hata kofi. Pikipiki yake ilifungiwa uani, bila amri ya mahakama wala ya yeyote, hadi aliposaini kulipa deni la kaka yake. Huyo ndiye wa kusikilizwa.

Tafadhali usichane mkataba. Chini ya kifungu cha 19 unabatilika kwa hiari ya aliyeshurutishwa, maana yake haujafa wenyewe. Ukikaa kimya unaendelea kukubana. Shauri la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Njoo na nakala halisi, kivuli chake, namba ya taarifa ya polisi kama ulitishiwa, na mashahidi, kwani anayedai ndiye anayethibitisha. Sisi tunashauri tu. Kuamua ni kazi ya mahakama.

Na barua iandikwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Coerced liache, eleza alisema nini, alishika nini, na nani alikuwepo.