Mti kivuli si nakala, wala si kufuli

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha wengine: eti mti kivuli wa kurasa za wavuti (kwa Kiingereza shadow tree) ni "nakala ya ukurasa ambayo kivinjari huiweka pembeni ili kazi iende haraka." Sivyo. Wanafunzi wake watalibeba kosa hilo miaka mingi, ndiyo maana nimeona nisilinyamazie.

Kivinjari kikishasoma ukurasa, huugeuza kuwa mti wa elementi (vipande vyake, kama vitufe, aya na picha), yaani DOM. Baadhi ya elementi za mti huo, zikiwemo zile unazozibuni mwenyewe, zinaweza kupachikwa mti mwingine mdogo wenye mzizi wake. Huo mdogo ndio mti kivuli, na elementi iliyoubeba ni mwenyeji wake. Unaupachika kwa kuita amri ya JavaScript, `attachShadow`. CSS, yaani kanuni za mitindo kama rangi na ukubwa, iliyoandikwa ndani haimwagiki nje, kanuni za nje hazichagui kilichomo ndani, na `querySelector` ya ukurasa, amri ya kutafuta elementi, hupita bila kuuona. Maana yake ndiyo hiyo.

Shida inaanzia kwenye jina. Kivuli kwetu ni vitu viwili. Kuna lile umbo jeusi linalomfuata mtu na kumwiga kila hatua, na ndilo lililotupa waziri kivuli. Halafu kuna mahali palipokingwa, jua lisipofika, ambapo wengine huita uvuli. Anayesikia "mti kivuli" hukimbilia maana ya kwanza: upo mti halisi, na upo mwingine unaouiga. Hapo ndipo habari ya nakala inapozaliwa. Maana inayosaidia ni ya pili. Kilichomo ndani ya mti kivuli hakiigi chochote. Ni elementi kamili, zinazochorwa kwenye skrini, zinazobofywa, zinazojazwa maandishi. Zimekaa uvulini tu, ambako kanuni za ukurasa hazizifikii.

Wazee walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mti mrefu wa jamii ya mnazi, na CSS ya kawaida ni mvumo hasa: unaandika kanuni kwa ajili ya kitufe kimoja, kumbe imeangukia vitufe vya ukurasa mzima, na asubuhi unatafuta nani kaharibu fomu ambayo hukuigusa. Mti kivuli hufunika walio chini yake peke yao.

Nakala inayosemwa ipo kweli, ila ni kitu kingine: DOM pepe, ile ya maktaba za msimbo kama React. Hiyo ni maelezo ya ukurasa yanayokaa kwenye kumbukumbu, yakalinganishwa na yale yaliyotangulia ili maktaba ijue kipi kibadilishwe katika DOM halisi. Kivinjari hakina habari nayo. Mti kivuli ni wa kivinjari chenyewe, tena vivinjari viliutumia kabla yetu. Andika `<video controls>`: hujaunda kitufe hata kimoja, lakini cha kuchezesha kipo, cha sauti kipo, mstari wa kusogeza upo. Katika Chrome vyote hivyo vimo ndani ya mti kivuli. Mwaka 2011 wahandisi wa Google walianza kueleza hadharani kwamba waandishi wa kurasa nao wapewe uwezo huo. Toleo tunalotumia leo liliingia Chrome 53 na Safari 10 mwaka 2016, kisha Firefox 63 mwaka 2018.

Kosa la pili linaniumiza zaidi, kwa kuwa lina madhara. Watu husema mti kivuli "hufungia" kijenzi, yaani kipande cha ukurasa kilichoundwa kitumike tena na tena. Mimi nasema hukifumbata. Ulichokifumbata mkononi wenzako hawakioni wala hawakigusi kwa bahati mbaya, lakini mkono si sanduku la chuma. Wapo wanaochagua hali ya `closed`, wakaona `shadowRoot`, njia ya kuufikia mzizi kutoka nje, inarudisha `null`, yaani hakuna kitu, wakatulia na kuweka siri humo. Lakini skripti zote za ukurasa huo, yaani programu zinazoendeshwa ndani yake, zinaishi katika dunia moja. Iliyotangulia kupakiwa inaweza kuibadilisha `attachShadow` yenyewe, ikajiwekea kila mzizi unaoundwa baada yake.

Hata ufumbataji wenyewe una upenyo, na umeachwa makusudi. Rangi ya maandishi na aina ya fonti hurithiwa kutoka kwa mwenyeji. Vigeu vya CSS, vile vinavyoanza na vistari viwili, hupita pia, na ndiyo njia nzuri ya kumruhusu mtumiaji wa kijenzi chako abadilishe rangi bila kuingia ndani. Mbofyo wa kitufe hutoka hadi ukurasani, ila ukifika huko huonekana kana kwamba umetoka kwa mwenyeji. Anayehitaji ukuta wa kweli kati ya msimbo wake na wa wengine atumie iframe, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa, inayotoka kwenye kikoa kingine.

Yule mwalimu nimemwandikia. Sikumlaumu, jina lenyewe linapotosha. Nimemwomba tu abadilishe sentensi yake isomeke hivi: mti kivuli ni sehemu halisi ya ukurasa, iliyopewa mipaka yake ili mitindo na majina ya ndani yasigongane na ya nje.