Je, wajua kwa nini manamba wengi wa Tanga hawakurudi kwao?

Toka Tanga mjini, pita Pongwe, Ngomeni, Muheza, Hale, mpaka Korogwe. Njia nzima utakutana na Waha, Warundi, Wangoni, Wanyaturu na Wamakonde ambao Kigoma, Songea au Singida wanazijua kwa kusikia tu. Babu zao walikuja kukata mkonge kwa mkataba, wakiwa na ahadi ya nauli ya kurudi. Imekuwaje basi makaburi yao yako huku?

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mmea huu wenye asili ya Mexico. Iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yasiyoonekana mwisho, nayo yalitaka watu. Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao ya chakula, hawakuona sababu ya kushinda juani wakichomwa na miiba ya mtu. Ndipo wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali, hasa kule ambako kodi ya serikali ilidaiwa kwa fedha taslimu lakini hapakuwa na zao la kuuza. Mwaka 1944 wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa: manamba.

Safari peke yake ilikuwa kazi. Reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na haikuungana na reli ya Tanga mpaka mwaka 1963, kilipojengwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Kabla ya hapo ulishuka kwenye treni ukapakiwa kwenye lori.

Sasa tuje kwenye kipande kingine, na hapa ndipo jibu linapoanza. Kipande cha manamba kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, karani anatia alama. Usipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama ulitoka alfajiri ukarudi jua likiwa utosini. Majani yalifungwa matita, kila tita majani 30, na idadi ya matita ilipangwa na mwenye shamba. Mvua ikinyesha, homa ikikushika, mwiba ukikuingia kwenye kiganja, “mwezi” wako unavuka wiki nne, unakwenda ya tano, ya sita. Mkataba ulihesabiwa kwa vipande, si kwa mwezi wa angani. Mtu alidhani amebakiza kidogo, kumbe kalenda ya shamba ilikuwa na mwendo wake.

Na nauli? Ilikuwa ya aliyemaliza. Aliyetoroka aliikosa, na kwa miaka mingi ya ukoloni kutoroka kazi lilikuwa kosa la kukufikisha mahakamani. Ila nikiwasikiliza wazee, naona nauli haikuwa kizuizi kikubwa kuliko vyote. Kikubwa kilikuwa aibu. Aliyekwenda manamba alitarajiwa arudi na nguo, blanketi, fedha za mahari, labda baiskeli. Kurudi mikono mitupu ni kuulizwa na watoto wa shangazi ulikuwa wapi siku zote hizo. Basi anaandikisha mkataba mwingine. Halafu mwingine. Katikati hapo anapata kishamba cha mahindi kando ya kambi, anaoa Mbondei, anazaa.

Kiswahili kina neno la hali hiyo: kulowea. Ni kukaa ugenini mpaka ugeni ukakutoka. Ajabu ni kwamba neno mlowezi tulilibandika kwa mzungu mwenye shamba, ambaye wengi wao waliuza au walitaifishiwa wakaondoka. Aliyelowea hasa ni mkata mkonge.

Mbele ya safari njia ikazibwa na mengine. Wamakonde kutoka Msumbiji walikuta kwao kuna vita vya ukombozi kuanzia mwaka 1964. Warundi walisikia habari za mauaji ya mwaka 1972, nani arudi? Hata Muha ambaye kwao hakukuwa na vita, miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vilihamisha watu kutoka kwenye vilima vyao. Nyumbani pakahama bila yeye. Wamakonde waliovuka mpaka wakaingia Kwale, Kenya, walikaa bila uraia mpaka mwaka 2016 walipoandamana kwa miguu hadi Nairobi.

Na kazi yenyewe ikaisha mikononi. Kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba yalipunguza watu. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani kama 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haikukifikia tena. Kamba za plastiki zikashika soko, korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, moja baada ya nyingine ikanyamaza. Kwa hiyo reli ya moja kwa moja ilikuja wakati ajira zilikuwa zikipungua, na aliyekuwa huku hakuwa na cha kupeleka huko.

Jirani yetu mmoja Muheza, Muha, alikwenda kwao. Tayari alikuwa mzee wa fimbo. Tulizoea kumwona akikutana na Waha wenzake sokoni, wanainama na kupiga makofi taratibu, salamu haiishi, sisi watoto tunaiga nyuma yao. Sanduku lake la bati lilikaa chini ya kitanda miaka yote, limefungwa, kama mtu anayengoja honi ya lori. Aliporudi baada ya majuma matatu, mama yangu alimwamkia, “Shikamoo babu, za nyumbani?”

“Marahaba mwanangu. Nyumbani wazima. Walinikaribisha vizuri sana,” akasema, “wakaniuliza mgeni nitakaa siku ngapi.”

Alikuwa amebeba kokwa chache za michikichi ndani ya leso. Mmoja ukaota, nyuma ya choo, katikati ya minazi. Sanduku likatolewa chini ya kitanda, mkewe akalitilia unga.