Protoni zinazolingana hufungamana, hata kama spektra haionyeshi

Wiki hii nimesoma ripoti nyingine ambayo mwandishi wake anaeleza, bila wasiwasi wowote, kwamba J, yaani kipimo cha mfungamano wa spini (usumaku mdogo wa kiini), kati ya protoni (viini vya hidrojeni) za methani ni sifuri kwa kuwa spektra ya NMR, ya mwitikio wa viini katika uga wa sumaku, ina kilele kimoja. Sentensi hiyo nimeifuta mara nyingi mno, na sasa naona heri nijibu kwa maandishi ili nipumzishe kalamu.

J hiyo ni takribani Hz 12.4, tena hasi. Chukua hidrojeni, yenye protoni mbili tu. Spini zake hutoa hali nne za nishati: tatu zenye ulinganifu wa aina moja, na ya nne iliyo peke yake. Mfungamano huzisogeza zile tatu kwa kiasi kilekile, yaani robo ya J, na kwa hiyo masafa ya mruko kutoka moja hadi nyingine hayabadiliki hata chembe. Ya nne, inayosogezwa robo tatu za J upande wa pili, ndiyo ingetufichulia siri, lakini mruko wa kuingia au kutoka humo umekatazwa na ulinganifu wenyewe. Mfungamano upo, kisichokuwepo ni mruko wa kuuonyesha.

Dawa ni kuuvunja ulinganifu. Weka duteri (D, hidrojeni nzito) mahali pa protoni moja, na molekuli ya HD itakupa vilele vitatu vya kimo sawa vinavyoachana kwa Hz 43 hivi. Zidisha kwa 6.51, uwiano wa jiromagneti (kadiri kiini kinavyoitikia uga wa sumaku) kati ya protoni na duteri, upate karibu Hz 280 kwa hidrojeni ya kawaida. CH3D, methani yenye duteri moja, hutoa Hz 1.9, na hesabu ni ileile.

Asiyetaka kusanisi chochote atazame chini ya kilele kikubwa, kwa kuwa kaboni-13, ambayo ni asilimia 1.1 ya kaboni yote, imekwisha kumfanyia kazi. Katika 1,2-dikloroetheni, protoni iliyoshikana na kaboni-13 husogezwa karibu Hz 100 kila upande, hailingani tena na mwenzake, na vilele vidogo vya pembeni hugawanyika: Hz 12 hivi kwa umbo la trans (protoni pande tofauti), Hz 5 hivi kwa cis (upande mmoja). Mrija wa sampuli usizungushwe, la sivyo utapima kivuli cha mzunguko na kukisifu kuwa J.

Ile alama ya kutoa, je? Vitabu huandika −12.4 kana kwamba minasi ilisomwa kwenye karatasi, ilhali mgawanyiko wa vilele vitatu vya CH3D ni uleule J ikiwa chanya au hasi. Alama hupatikana kwa majaribio mengine, au kwa nadharia, na mara nyingi, nakiri, mimi mwenyewe huinakili tu.

Wala desimali za mwisho sizitetei. Kosa la Hz 0.1 katika kupima CH3D hugeuka Hz 0.65 baada ya kuzidisha, na kuzidisha kwenyewe kunachukulia kwamba duteri, iliyo nzito maradufu, haibadilishi mtetemo wa molekuli kiasi cha kuigusa J. Inaugusa mtetemo, kwa methani athari yake kwa J ni ndogo, na hiyo ndiyo sababu ninaandika «takribani».