Moshi wa Kisu cha Umeme: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Ncha ya kisu cha umeme, ambacho madaktari wa upasuaji hukitumia kukata kwa joto, inapogusa nyama ya mgonjwa, moshi mwembamba wa kijivu huinuka moja kwa moja kuelekea nyuso za wale walioinamia jeraha, na wengi wao wameuzoea kiasi cha kutoujali tena.

Dhana: Joto limekwisha kuua kila kijidudu.

Ukweli: Joto hilo kali liko pale ncha inapogusa tu. Maji yaliyomo ndani ya seli huchemka ghafla, seli ikapasuka, na vipande vyake vikarushwa hewani kabla havijaungua vyote. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walikuta vinasaba vya virusi vya HPV, vinavyosababisha chunjua, katika moshi wa leza iliyotumika kuondoa chunjua. Mwaka 2016, katika upasuaji wa wagonjwa 11 wenye homa ya ini B nchini Korea Kusini, vinasaba vya virusi hivyo vilionekana katika moshi wa wagonjwa 10. Kweli, kukuta vinasaba si sawa na kuambukizwa, na visa vya maambukizi vilivyoripotiwa ni vichache; hata hivyo, mwaka 1991 iliripotiwa habari ya daktari wa leza nchini Norwei aliyeota vinyama kooni vyenye HPV aina ya 6 na ya 11, naye alikuwa amewatibu kwa leza wagonjwa wenye masundosundo ya sehemu za siri, ambayo husababishwa na aina hizo hizo.

Dhana: Barakoa ya kawaida ya upasuaji inatosha.

Ukweli: Barakoa hiyo hukaa usoni bila kubana, kwa hiyo hewa hupenya pembeni, ilhali chembe za moshi wa kisu cha umeme zina wastani wa mikroni 0.07 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Barakoa ya N95, inayobana uso na kuchuja chembe ndogo, ikikaa sawasawa husaidia zaidi, ingawa kwa maoni yangu haifai kuwa kisingizio cha kukosa mashine ya kufyonza moshi, ambayo mdomo wa bomba lake unapaswa kuwa ndani ya sentimita 5 kutoka panapokatwa.

Dhana: Upasuaji wa matundu madogo hauna moshi wa kuhofia.

Ukweli: Moshi hujikusanya tumboni pamoja na gesi ya kaboni dioksaidi inayojazwa humo ili kulipanua, kisha vali ya kutolea gesi ikifunguliwa bila chujio, wote hutoka kwa mkupuo mmoja mbele ya aliyesimama karibu.