Mimea mirefu ya mbuga huangushwa na mbolea

Silphium, Vernonia, Eutrochium na Solidago, mimea ya maua iliyotoka kwenye mbuga za nyasi za Marekani ya Kaskazini, husingiziwa mengi bustanini.

Dhana: mmea wa mita mbili lazima ulishwe sana.
Ukweli: ukiulisha, utaulaza. Samadi nyingi hurefusha shina likiwa bado laini, kisha mvua moja yenye upepo inalibwaga chini. Kivuli nacho huulegeza. Kwao mimea hii huota imebanana na nyasi, kwa hiyo ipande kwenye udongo wa kawaida, juani kutwa, nyasi ndefu zikiwa ubavuni, nayo itasimama bila nguzo. Kama bado una wasiwasi, kata mashina kwa theluthi moja mwishoni mwa majira ya kuchipua, kabla vitumba havijatokea. Yatatoa matawi, yatakuwa mafupi, na maua yatachelewa kidogo. Liatris, mmea mwingine wa mbuga hizo, usiiguse: ua lake liko kwenye ncha ya shina, ukikata umelitupa.

Dhana: haina haja ya maji.
Ukweli: hiyo ni sifa ya mmea uliokwisha kushika mizizi. Mwaka wa kwanza mwagilia, wala usiung'oe kwa kuona majani machache tu, maana kazi kubwa iko chini. Silphium laciniatum, ambayo majani yake huelekeza kingo zake kaskazini na kusini, hushusha mzizi mita kadhaa, na ukiianza kwa mbegu utangoja ua kwa miaka. Ichagulie mahali mara moja, haipendi kuhamishwa. Eutrochium yenyewe hutaka unyevu daima, na kiu ikiipata kingo za majani hukauka.

Dhana: Solidago huleta mafua ya mzio.
Ukweli: hapa kuna uonevu mtupu. Chavua yake ni nzito, inanata, na hubebwa na wadudu. Mkosaji mkubwa ni Ambrosia, gugu linalochanua msimu uleule kwa viua vya kijani visivyovutia jicho, likimwaga chavua kwenye upepo. Watu huona manjano ya Solidago, wanapiga chafya, wanaitia hatiani.

Dhana: mashina yakishanyauka, fyeka yote.
Ukweli: yaache majira yote ya baridi. Ndege hula mbegu. Majira ya kuchipua yakifika, kata ubakize visiki vya sentimita 30 hivi, kwa sababu baadhi ya nyuki wanaoishi peke yao hutaga ndani ya mashina hayo.