Mtungi wa Jikoni Sio Gesi ya Mtwara

Kila gesi ya kupikia inapopanda bei, swali ni lilelile, sokoni na kwenye daladala: "Gesi si yetu, inatoka Mtwara? Mbona tunauziwa ghali hivi?" Anayeuliza anastahili jibu la kueleweka, na hadi leo wengi hawajalipata.

Gesi iliyo kwenye mtungi wa kilo 6 au 15 haitoki Mtwara. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na huletwa kwa meli kutoka nje kupitia bandari za Dar es Salaam na Tanga. Gesi ya Songo Songo huko Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay huko Mtwara, iliyogunduliwa 1982, ndiyo gesi asilia, na karibu yote ni methani. Tofauti yake unaweza kuisikia kwa masikio. Tikisa mtungi wako, kuna kimiminika kinacheza ndani, kwa sababu propani na butani zikigandamizwa kidogo tu hugeuka kimiminika. Methani haikubali hivyo. Kuifanya kimiminika lazima uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana husafirishwa kwa bomba, au hushindiliwa kwenye mitungi minene kama ile ya bajaji na magari yanayotumia gesi. Bomba hilo limeshafika majumbani sehemu chache, kama Mikocheni na Mtwara mjini. Kwa hiyo swali la kuwauliza wahusika ni hili: bomba litafika mtaani kwetu lini?

Dhana nyingine inanitisha zaidi, kwa sababu inaua. Watu huamini gesi ikivuja hupanda juu na kutokea dirishani. Methani ndivyo ilivyo, ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nzito. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya uvunguni mwa kitanda na kwenye kona. Jirani yangu alisikia harufu usiku, akanyoosha mkono kuwasha taa aone kinachovuja. Mwanawe akamshika mkono. Cheche ya swichi ingetosha. Wakafunga mtungi gizani, wakafungua mlango, wakatoka nje wote. Asubuhi walipaka povu la sabuni kwenye mpira, na mapovu yakaanza kutoka pale unapoungana na jiko. Hata harufu iliyowaokoa si ya gesi yenyewe, huongezwa makusudi ili mtu ashtuke.

Wapo pia wanaosema sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, gesi ya nini tena? Tusisahau mwisho wa mwaka 2022, maji ya mito yalipopungua na mgao wa umeme ukarudi. Mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi haingojei mvua. Kabla ya bwawa hilo, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi.

Ila tusidanganyane kwamba gesi asilia ni safi kabisa. Ikichomwa kuzalisha umeme hutoa karibu nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini methani ikivuja bila kuchomwa, katika miaka 20 hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito uleule. Kwa hiyo kampuni ikijisifu kwamba inazalisha nishati safi, mimi nataka kujua inapima uvujaji mara ngapi, kisimani na njiani, na nani anakagua vipimo hivyo.

Kuhusu futi za ujazo trilioni 57 za gesi asilia tunazotajiwa kila mara: nyingi ziko chini ya bahari ya kina kirefu, na bado hazijachimbwa. Makubaliano ya awali ya mradi wa kuigeuza gesi hiyo kimiminika huko Lindi yalisainiwa Juni 2022. Gesi hiyo ya kina kirefu haijamwashia mtu jiko.

Dhana ya mwisho inawaonea watu: kwamba wanaong'ang'ania mkaa wana mazoea tu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama lishe ninayekula kwake ana mtungi, umekaa kona, mtupu, juu yake ameweka sufuria. Anapika kwa mkaa, macho mekundu kwa moshi. Anajua gesi ni bora. Lakini mkaa anaununua kwa kopo, wa leo leo, kwa hela ya chai ya asubuhi, na mtungi unataka hela yote kwa mpigo. Dar es Salaam imeshaletwa mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kadiri unavyopika. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Huku kwetu inapatikana wapi?"