Badiliko la Kazi Si Kazi ya Ziada

Katika kikao cha saiti nilichohudhuria majuzi, mteja aliomba mlango wa jiko uhamishiwe ukuta wa pili, naye mkandarasi akajibu papo hapo kwamba hiyo ni kazi ya ziada, na sote tulionyamaza, nikiwamo mimi, tukaliacha neno hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Badiliko la kazi ni agizo la msimamizi mwenye mamlaka kwa mujibu wa mkataba, linalotaka kazi ifanywe tofauti na ilivyochorwa na kuandikwa mkataba ulipotiwa saini.

Maneno badili na ziada yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, lakini hayana asili moja. Ziada ni ndugu wa zidi, nayo ni kile kinachovuka kipimo kilichowekwa. Badili ni ndugu wa badala, na palipo na badala lazima kuna kinachotoka ili kingine kishike nafasi yake. Mlango ukihama baada ya kuta kupanda, tundu la zamani huzibwa kwa tofali na plasta, linta nyingine (boriti ya zege juu ya mlango) humwagwa, na swichi ya taa, ambayo sasa ingejificha nyuma ya mlango uliofunguliwa, nayo huhamishwa. Badiliko hilohilo likiagizwa kuta zingali kwenye michoro, huenda lisiongeze hata shilingi moja.

Kitabu Chekundu cha 1999 cha FIDIC, yaani mkataba sanifu wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, katika kifungu cha 13, kinahesabu kuwa miongoni mwa mabadiliko: tofauti ya kiasi, ubora, vipimo, hata mpangilio wa kazi, na pia kuondolewa kwa kazi yoyote, isipokuwa ile itakayofanywa na wengine (yaani mteja asitumie jina la badiliko kumpokonya mkandarasi kazi na kumpa jirani yake kwa bei nafuu). Kazi ya ziada imo humo pia, ila ni aina moja tu kati ya hizo.

Mkandarasi yule hakuwa na hila. Siku nyingine akiombwa kuhamisha mlango, na aseme tu kwamba hilo ni badiliko, asubiri agizo la maandishi la msimamizi kabla ya kugusa tofali, kisha amwachie mkadiriaji majenzi ajumlishe kinachoingia na kutoa kinachotoka.